Tone Moja, Abiria Watatu

Kazi yangu ya mchana ni mabango. Hapa Mwanjelwa, mjini Mbeya, naandika vibao vya maduka, mbavu za bajaji, mbao za shule, na mara mojamoja jina la marehemu kwenye msalaba. Rangi tunayotumia ni ya mafuta, kopo la lita moja au galoni la lita nne, na desturi ya ufundi huu ni kuchota zaidi ya unachohitaji. Ukipungukiwa katikati ya herufi ukachanganya upya, rangi ya pili haifanani na ya kwanza, na mwenye duka ataliona hilo kabla hajatoa pesa mfukoni. Kwa hiyo mkono wa fundi wa mabango ni mkono wa ukarimu. Kinachobaki tunakimwagia thina kidogo juu, tunafunika, kesho kazi inaendelea.

Jioni nina kazi nyingine isiyoniingizia kitu, na hiyo inataka mkono wa bahili: kupaka rangi watu wadogo wa plastiki bila kupoteza tone. Chumba cha nyuma kuna ubao wenye stesheni, reli na treni ndogo ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kwa kipimo cha moja kwa themanini na saba. Reli yenyewe ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Gawa kwa 87, unapata milimita 12 na kidogo, na reli za treni za kuchezea zenye upana wa milimita 12 zinauzwa Ulaya. Ndiyo sababu nilichagua kipimo hicho. Mtu mzima anatoka na urefu wa sentimita mbili. Abiria wangu ni wa plastiki, wametengenezwa na Preiser wa Ujerumani, wanakuja bila rangi, wamevaa makoti na kofia za kwao. Kazi ni kuwageuza wawe watu wanaongoja treni Mbeya: huyu apate khanga, yule kitenge, watoto wapate sare za shule. Wenye makoti nawaacha na makoti yao. Mwezi wa saba hapa nani asiyevaa koti?

Rangi za kazi hiyo ni za maji, aina ya akriliki. Zinakuja kwenye vikopo vya mililita 12, au kwenye chupa za kudondosha kama za Vallejo wa Hispania, mililita 17 au 18. Mililita 12 ni vijiko viwili vya chai na nusu, haifiki hata hapo. Hapa mjini sijaona duka linaloziuza. Zinafika kwenye begi la dada yangu akija likizo kutoka Uingereza, naye hanipi kopo bila kunitajia bei yake. Ukitoka kwenye galoni ukaingia kwenye kopo la namna hiyo, lazima ujifunze kuchota upya, kama mtoto anayefundishwa kushika kijiko.

Nilianza kwa hesabu, maana fundi wa rangi haanzi kazi bila kujua ukuta una mita ngapi. Ngozi ya mtu mzima ukiitandaza ni takriban mita za mraba 1.8, yaani sentimita za mraba 18,000. Ukimpunguza mtu huyo mara 87 kwa urefu, eneo lake linapungua mara 87 kwa 87, ambayo ni 7,569. Anabakiwa na sentimita za mraba 2.4 hivi. Mpe koti na mzigo mkononi, sema tatu. Mkono mmoja wa rangi, yaani tabaka moja, ikiwa bado mbichi, uliopakwa bila kulundikwa, una unene kama wa sehemu ya ishirini ya milimita. Zidisha: mililita 0.015 inamtosha abiria kuanzia viatu hadi kofia. Tone moja la chupa ni karibu mililita 0.05. Kwa hiyo tone moja linapaka abiria watatu mwili mzima. Ukitaka suruali ya mmoja tu, unahitaji kama sehemu ya kumi ya tone.

Sehemu ya kumi ya tone huioni ukiwa umesimama. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kwenye bango, rangi inayoganda kwenye kijiti cha kuchotea na kwenye mdomo wa kopo ni kitu kidogo ukilinganisha na iliyoingia kwenye kazi. Kwa abiria wa sentimita mbili ni kinyume chake: kinachobaki kwenye kijiti ni kingi kuliko kinachofika kwenye suruali. Watu wanaoniuliza kuhusu kubana matumizi ya rangi huanza na maswali ya burashi, ipi inanyonya kidogo, ipi inashika ncha. Burashi haina kosa kubwa. Rangi inapotelea njiani, kati ya kopo na sahani ya kuchanganyia.

Njia hiyo inaanza kabla hujafungua kifuniko. Rangi ni unga uliochanganywa na maji yake yenye gundi, na unga ni mzito, unazama. Kopo lililokaa kabatini likachotwa juu bila kutikiswa linakupa yale maji, meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, yanayong'aa na hayafuniki. Utapaka mikono minne mahali pa miwili, na huko chini unga unabaki bila gundi ya kutosha. Hasara ya aina hii haionekani kwenye sahani, kwa hiyo watu hawaihesabu. Lakini umeshaharibu kopo nzima kwa kulichota vibaya siku moja.

Kutikisa peke yake hakutoshi kwa kopo la zamani, linataka kitu cha kugongagonga ndani. Mpwa wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya, aliniletea gololi za bearing ya baiskeli.

"Anko, hizi zitachanganya vizuri, nzito hizi."

Nilimrudishia. Gololi za baiskeli ni za chuma kinachoshika kutu, na humo ndani ni maji. Nyeupe ikikaa na kutu miezi miwili inakuwa rangi ya chai. Tulikwenda sokoni tukanunua shanga za kioo, zile ambazo rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Zilizopakwa juu huchubuka. Mbili kwa kila kopo zinatosha. Zioshe kwanza, na uzitumbukize taratibu, maana kopo likiwa limejaa, shanga mbili zinapandisha rangi hadi mdomoni.

Na mdomo wa kopo ndio ninaouogopa kuliko kitu chochote. Vikopo vingi vina kifuniko cha kupindua, na ndani ya kifuniko kuna ulimi mdogo wa plastiki. Ukitikisa kisha ukafungua, rangi inakuwa imeshika kwenye ulimi, na hiyo ndiyo ya kuchota. Kiasi kilichopo pale kwa kawaida kinatosha kazi ya jioni nzima, huna haja ya kuzama kopo lenyewe. Shida ni kwamba rangi nyingine inashika kwenye ukingo. Inakauka. Kesho yake kifuniko hakibani sawasawa, kesho kutwa kinazidi kulegea, na hewa inaanza kuingia. Mwezi mmoja baadaye unafungua kopo ambalo hujalitumia hata robo, unakuta mpira. Hapo huna la kufanya. Akriliki ikiwa nzito tu unaweza kuirudisha kwa matone ya maji, lakini chembe zake zikishashikana na kuwa kama mpira hazirudi kuwa rangi, hata uilowanishe wiki nzima. Rangi ya mafuta iliyofanya utando juu unautoa utando na chini kuna rangi nzima. Hii haina huruma hiyo.

Sisi wa mabango tuna tabia ya kufuta burashi kwenye ukingo wa kopo. Ni tabia nzuri kwa rangi ya mafuta, inapunguza matone barabarani. Kwenye kikopo iache kabisa. Kijiti chako kigusie ulimi au ukuta wa ndani, kitoke bila kugusa ukingo. Kabla ya kufunga, pitisha kitambaa chenye unyevu kuzunguka mdomo na kuzunguka kifuniko. Unyevu tu, si cha kuchuruzika. Mimi hutumia kipande cha fulana ya zamani, maana pamba ya hospitali huacha nyuzi. Tena kopo lisikae wazi ukipaka. Fungua, chota, futa, funga, ndipo ushike burashi.

Sasa, chota kwa nini? Burashi nzuri haiingii kopo. Rangi hupanda hadi kwenye shingo ya bati, inakauka mle, nywele zinaanza kutawanyika, na burashi inakwisha kabla ya rangi. Zaidi ya hapo, burashi iliyotoka kwenye maji ya kusuuzia inapeleka maji machafu ndani ya kopo, na vikopo vinavyopelekewa maji hayo ndivyo vinavyoanza kunuka. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kati ya vitu vitatu vinavyobaki: kijiti cha meno, burashi kuukuu ya nailoni, na pipeti ya plastiki, ule mrija wa kufyonza na kudondosha.

Mpwa wangu ni mtu wa pipeti. Inaonekana ya kitaalamu, ina alama za mililita, inafyonza na kutema bila kuchafua mkono. Mimi niliona rangi iliyoganda ndani ya ule mrija wake nikawa na wasiwasi. Bahati nzuri jirani yangu ananunua dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Chunya, na mizani yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tone moja la rangi linasoma pale kama gramu 0.05 au 0.06. Tukamwomba atupimie vifaa vikiwa vikavu, kisha baada ya kuhamishia rangi kwenye sahani.

"Fundi," akasema, "siku hizi rangi unaiuza kwa gramu?"

Mizani ilimaliza ubishi, angalau kwa upande wangu. Pipeti ilibaki na rangi nyingi kuliko vyote, matone kadhaa, kwa sababu ina ukuta mrefu wa ndani na rangi nzito inaushika wote. Burashi kuukuu ilifuata. Kijiti cha meno kilibaki na kiasi ambacho mizani ilisitasita kukisoma. Ukitaka kuhamisha nusu ya kopo, labda kwa ajili ya bunduki ya kupulizia, pipeti ina faida, maana yale matone kadhaa yanapotelea ndani ya kingi. Ukitaka tone moja, kuchukua pipeti ni kukubali kupoteza matone matatu ili kupata moja. Mpwa wangu alisema pipeti ikioshwa haipotezi kitu. Nikamuuliza maji ya kuoshea anayapeleka wapi.

Swali hilo nililiuliza kwa ubishi tu, lakini lilituletea mbinu ninayoithamini kuliko nyingine zote. Rangi hizi hazipakwi zikiwa nzito kama zilivyo, lazima uzipunguze kwa maji kidogo, la sivyo mikunjo ya nguo ya abiria inazibika. Kwa hiyo maji utayaongeza tu. Basi yaongeze kupitia kwenye kile kifaa ulichochotea. Weka rangi kwenye sahani kwa kijiti, kisha chovya kijiti hicho kwenye maji safi mara moja, tone linaloning'inia lishushe pembeni ya rangi, zungusha. Kilichokuwa kimeganda kwenye kijiti kinashuka na maji. Kijiti kinatoka karibu kisafi na rangi imeshapungua uzito. Hata pipeti inaokoka kwa njia hii: fyonza maji, yasukesuke, yateme kwenye rangi. Sharti ni moja, maji yawe masafi, yasiwe ya kikombe cha kusuuzia burashi. Mimi nina vikombe viwili mezani, na cha maji safi nakifunika.

Chupa za kudondosha zinaonekana zimemaliza tatizo hili, na kwa pwani labda zimemaliza. Kwa nyanda za juu zina jambo lao. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam anajua pakiti ya chipsi inavyofura akifika huku: hewa iliyofungiwa pwani inatanuka kwa sababu hewa ya nje huku ni nyepesi, kama asilimia 80 na kidogo ya nguvu ya pwani. Chupa ya rangi iliyofungwa London au Dar ina hewa hiyohiyo ndani. Ukiifungua ikiwa imelala, au ukaipindua kuelekea sahani kabla haijapumua, rangi inatoka yenyewe bila kubanwa, na haitoki kwa matone. Isimamishe wima, gonga kitako mezani ili rangi ishuke kutoka shingoni, legeza kifuniko taratibu, usikie ikipumua. Subiri. Kisha ndipo uipindue. Baada ya mara ya kwanza hewa imeshalingana na haikusumbui tena, mpaka utakaposafiri nayo. Rafiki yangu wa Tukuyu anazifungua zake hapahapa Mbeya kabla ya kushuka nazo, jambo ambalo halina maana sana kwa kuwa Tukuyu iko chini ya Mbeya, lakini amezoea.

Kuna la pili kuhusu chupa. Asubuhi ya baridi ukiishika kwenye kiganja muda mrefu huku unawaza, mkono unapasha joto hewa ya ndani na chupa inaendelea kutoa matone hata hujabana. Ishike kwa ncha za vidole, na karibu na shingo, si kitakoni. Na ncha ikiziba usiikamue kwa nguvu, maana kizibo kikitoka kinafuatwa na robo ya chupa. Toboa kwa pini, ukivuta uchafu nje badala ya kuusukuma ndani. Ukishapata tone lako, isimamishe chupa kwanza ndipo uachie vidole. Ikivuta pumzi inarudisha rangi iliyokuwa kwenye ncha. Futa ncha, funga.

Wapo wanaohamisha rangi yote kutoka kwenye vikopo kwenda kwenye vichupa vya dawa ya macho vilivyooshwa. Sipendi. Rangi inayobaki ukutani mwa kopo na kwenye faneli ni mali, na kwa kopo la mililita 12 ni fungu la maana. Kopo linalotunzwa mdomo linadumu vizuri tu.

Tufike kwenye sahani yenyewe. Nyingi ninazotumia hazikununuliwa. Kipande cha marumaru nyeupe kutoka kwa fundi wa sakafu ndicho bora kwa kazi fupi: hakinywi rangi, weupe wake unakuonyesha rangi ilivyo, na iliyokauka inabanduka kwa maji ya moto. Pakiti tupu za vidonge, zile zenye vishimo, ni nzuri kwa rangi nyepesi za kuingiza kwenye mikunjo, ambazo kwenye marumaru zingetiririka. Sahani pana ya plastiki si nzuri. Tone likitandaa linakauka, na tone lililosimama kishimoni linadumu zaidi kwa sababu uso wake ni mdogo.

Lakini kwa jioni ndefu hakuna kinachoshinda paleti yenye unyevu. Unachukua kontena la chakula lenye mfuniko, la kina kifupi. Chini unalaza sponji nyembamba ya kuoshea vyombo au tabaka kadhaa za kitambaa cha jikoni, unalowesha, na juu unatandika karatasi ya kuokea keki. Maji hupanda kidogokidogo kupitia karatasi na kufidia yanayokwenda hewani, rangi inakaa mbichi saa nyingi, na ukifunika inaweza kufika kesho. Karatasi iwe ya kuokea, si ile yenye nta. Nta haipitishi maji hata kidogo, utakuwa umejitengenezea kisahani cha kawaida chenye bwawa chini. Itandike ikiwa imelowa pande zote mbili, vinginevyo inajikunja na rangi zako zinakutana katikati.

Maji kiasi gani, hapo ndipo inabidi usome majira. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, hewa ya Mbeya ni kavu na upepo wa mchana unanyonya kila kitu, midomo ya watu, udongo, rangi. Tone kwenye marumaru karibu na dirisha linashika utando kabla hujamaliza kitenge kimoja. Miezi hiyo sponji iwe imeshiba, maji yakaribie kuonekana kando ya karatasi, na dirisha nalifunga. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja mambo yanapinduka. Hewa ina maji yake, paleti iliyoshiba haifidii tena, inazidi. Ukifunika rangi usiku, asubuhi unaikuta imelegea na kutapakaa, haifuniki kitu. Sponji ikamuliwe hadi iwe na unyevu tu. Niliwahi kusoma maelekezo mengi ya kutengeneza paleti hizi na karibu yote yalitoa kipimo kimoja cha maji kwa mwaka mzima. Nadhani walioandika wanaishi kwenye vyumba vya kiyoyozi.

Baridi nayo ina neno lake. Akriliki inahitaji joto kidogo ili chembe zake zishikane ziwe ngozi moja. Usiku wa mwezi wa saba, nyuzi zikishuka chini ya 10, rangi inaweza kukauka kwa sura tu, halafu ikapukutika kama unga ukiisugua kwa kidole. Hapo umepoteza rangi iliyokwisha kufika kwenye kazi, ambayo ndiyo hasara chungu kuliko zote. Miezi hiyo napaka saa za mchana za Jumapili, au naacha.

Maji ya sponji yakikaa siku nyingi yanaota ukungu. Kuna wanaoweka kipande cha shaba mle ndani kuuzuia. Mimi nina senti tano ya zamani, ile yenye samaki, lakini sitegemei hiyo, nabadilisha maji. Kwa kulegeza rangi ndani ya kopo natumia maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri ya gari, yanayopatikana vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri kabla ya kulipa, maana tindikali ya betri hukaa rafu hiyohiyo, na muuzaji mwingine huita vyote viwili maji ya betri.

Rangi zenye kung'aa, za fedha na shaba, usiziweke kwenye paleti ya unyevu. Ndani yake kuna vipande vidogo vya kumetameta, vinaelea na kutengana na gundi. Zipe marumaru yake, burashi yake, na kikombe chake cha maji, maana vile vipande vikihamia kwenye maji utavikuta kwenye khanga ya mtu.

Yote hayo yanasukuma upande mmoja: chota kidogo, unaweza kurudi. Mahali ambapo sikubaliani na kanuni hiyo ni kwenye rangi ya kuchanganya. Hapo tabia ya mabango ni sahihi. Bluu ya sare niliyoitengeneza kwa bluu, nyeusi na chembe ya nyeupe sitaipata tena kesho kwa kukisia. Kwa hiyo kabla ya kuchanganya nahesabu abiria wote watakaovaa rangi hiyo, nawapanga mstari mmoja, nachanganya ya kuwatosha na nyongeza ya mmoja, na wote wanapakwa kikao kimoja. Upungufu wa rangi ya kuchanganya unagharimu zaidi kuliko ziada yake, kwa sababu ukiitafutatafuta kwa kukisia utatupa michanganyiko mitatu kabla ya kufika karibu. Na anza na rangi isiyokolea, ongeza iliyokolea kwa ncha ya kijiti. Ukianza na nyeusi utamwaga nyeupe nusu kopo kuifukuza.

Rangi iliyokwisha kuongezwa maji hairudi kwenye kopo, hata kama inaonekana safi. Iliyobaki kwenye ulimi wa kifuniko inarudi, kwa sababu haijatoka. Ya kwenye paleti ina njia nyingine: mwisho wa kikao naikusanya yote kwa kipande cha kadi ya vocha, nyekundu, kijani, ngozi, chochote kilichopo, naitia kwenye kichupa kimoja. Rangi nyingi zikichanganyika haziwi mbaya, zinakuwa kahawia ya kijivujivu, na hiyo ndiyo rangi ya kokoto za reli, ya matumbo ya mabehewa, ya vumbi la mguuni mwa abiria. Kichupa hicho hakijawahi kujaa, kwa sababu reli inakula rangi kuliko watu. Kikianza kunuka nakitupa bila majadiliano.

Maji ya kusuuzia siyamwagi bombani. Yanakaa kwenye ndoo hadi unga uzame, ya juu nayamwaga kwenye njia ya nyuma, tope la chini nalianika kwenye gazeti hadi likauke, kisha linakwenda na takataka za kawaida. Mpwa wangu naye bado ana pipeti yake. Anaitumia kwenye kikombe cha maji safi, na kwa kazi hiyo sina neno.